Mama, Moyo Umekubali

Misiera, Nakivale
mvua zikimalizikia

Mama yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa jina la Yule anayetulaza na kutuamsha, wewe huko kwetu Mboko na sisi huku ugenini, kambini Uganda. Mguu wako unaendeleaje? Ule wa kushoto uliokuwa ukikuuma wakati wa kupalilia mihogo, bado unakusumbua ukipanda kilima cha kanisa? Na wale kuku weusi, wangali wanataga, au wameishia kwenye sufuria za wenye bunduki? Sisi hatujambo. Chakula cha mgao kimepungua, lakini hatulali na njaa. Na wewe Elia, mdogo wangu, najua ni wewe utakayemsomea Mama barua hii, kwa hiyo tafuta kigoda ukae. Soma polepole. Usiruke mistari ukimbilie mpira, na nikifika kwenye mambo ya wanawake usijifanye umepaliwa. Umeshaota ndevu, utayavumilia.

Mama, habari njema haijui kupanga foleni, kwa hiyo naanza nayo. Nina mimba. Ndiyo, mimi Riziki wako. Mtoto ameshaanza kucheza, na anapenda kucheza hasa nikikaa kumenya viazi. Na moyo wangu, ule uliokutoa machozi miaka yote ya utoto wangu, umepimwa huko Mbarara na umekubali kumbeba. Nimefurahi mpaka herufi zinapanda juu ya mistari, mtanisamehe. Elia, nyamaza kidogo hapa umpe Mama nafasi ya kupiga vigelegele.

Najua hajapiga. Najua kwa sababu nimeandika kwamba moyo umepimwa.

Siku ile nilipokupigia simu kukuambia kwamba muuguzi wa hapa ananituma Mbarara kwa ajili ya moyo, ulinyamaza mpaka nikadhani mtandao umepotea. Halafu ukasema, "Riziki, ulitoa ushuhuda mbele ya batu ba kanisa." Basi. Simu ukampa Elia, na Elia akanieleza jinsi timu ya Mboko ilivyofungwa. Nilikuja kutafuta baraka yako, nikaondoka na matokeo ya mpira, na habari ya mimba sijaifikia. Sikukasirika, Mama, lakini niliumia, na bado naumia kidogo hata katikati ya furaha hii, maana mimba ya kwanza bila mama kusema neno juu yake haina utamu kamili. Na Jumapili ya kwanza ya kiangazi inakaribia. Najua utasimama kanisani, na najua utakachosema. Ndiyo maana nimemwomba mume wangu Asende anitafutie karatasi, nikueleze yote tangu mwanzo. Barua inakuja mkononi mwa Mama Neema wa kanisa letu, ambaye anarudi huko kufuata watoto wake.

Elia, wewe ulikuwa bado mgongoni, mengi umeyasikia tu. Dada yako alizaliwa na moyo wenye tundu, na njia ya damu kwenda kwenye mapafu ilikuwa nyembamba. Nikilia, midomo yangu iligeuka rangi ya bilinganya. Wenzangu walipokimbia, mimi nilikimbia kidogo, kisha nikachuchumaa katikati ya njia kama kuku anayetaka kutaga, mpaka pumzi irudi. Wengine walisema nimerogwa. Bibi mmoja jirani alimshauri Mama asinipende sana, ili kilio kisije kikawa kikubwa. Mama hakumsikia. Alinibeba mpaka kwa masista wa misheni, nao wakanitafutia msaada ng'ambo, nikapandishwa ndege, nikafunguliwa kifua, tundu likazibwa kwa kiraka na njia ikapanuliwa. Niliporudi, midomo ilikuwa myekundu. Mama alinikimbiza kuzunguka kanisa, mimi mbele yeye nyuma, na sikuchuchumaa. Watu walilia siku ile.

Jumapili ileile ulinisimamisha mbele ya kanisa, Mama, nikatoa ushuhuda, nawe ukaweka nadhiri yako. Tangu hapo kila kiangazi kinapoanza unapeleka jogoo kwa mchungaji, unasimama na kusema maneno yaleyale: "Mutoto wangu Mungu alimuponya moyo, na tangu ile siku hajarudia hospitali juu ya moyo, na hatarudia." Kanisa zima linaitika amina. Mimi mwenyewe nilipokuwa huko niliitika kwa sauti kuwashinda wote. Kwetu sisi, aliyetoa ushuhuda wa kuponywa hageuki nyuma kuutazama ugonjwa wake, asije akauamsha. Hata jina lake hatulitaji. Nakumbuka yule sista mzee wa misheni alikuambia nirudishwe kila mwaka niangaliwe, nawe ukamjibu kwa heshima kwamba Mungu hafanyi kazi nusu. Baadaye vita vikafunga misheni yenyewe, na neno lake likafa hapohapo.

Sasa sikia yaliyonikuta kliniki ya wajawazito. Muuguzi wetu anaitwa Sista Komuhangi. Si sista wa kanisa, huku Uganda kila muuguzi wa kike anaitwa sista. Ni Mnyankore, mfupi, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe walio kilima cha pili. Kiswahili chake kinatembea bila viatu, lakini kinafika kinakokwenda. Akaniuliza maswali anayowauliza wajawazito wote, kuhusu sukari, presha, kifafa, kisha akafika kwenye moyo.

"Wewe nalipata ugonjwa ya moyo? Hata zamani?"

Nikamjibu bila kupepesa macho, "Hapana, Sista." Na moyoni mwangu sikuwa nadanganya. Ningemtajiaje kitu ambacho Mungu alikwisha kukiondoa? Akaandika hapana yangu, akanilaza kitandani, akafungua vifungo vya blauzi ili asikilize kifua. Mkono wake ukasimama. Unalijua kovu langu, Mama, linaanzia chini ya koo linateremka kama zipu.

"Wewe, hii nini?"

"Ni alama tu."

"Alama ya nini? Nani nalipasua wewe?"

"Mungu aliniponya, Sista."

"Mungu nalitumia kisu?"

Pazia la chumba kile ni jepesi, na wanawake waliokuwa kwenye benchi nje walicheka mpaka mmoja akaanza kushika ubavu. Hata mimi nilicheka, kwa aibu. Sista hakucheka. Aliweka kile chombo cha kusikilizia kifuani kwangu akakaa nacho muda mrefu, mbele, kisha mgongoni, kisha mbele tena. Akanibana kidole na kibanio cha kupima hewa kwenye damu, akasema hewa ni nzuri. Halafu akaniambia nivae, akavuta kiti, akakaa karibu kama mtu anayetaka kuposa.

"Mimi hapana kataa Mungu," akasema. "Mimi pia nasali. Lakini mimi nasikia sauti ndani, kama maji narudi nyuma. Mtoto nakua, damu ya mama naongezeka, moyo nafanya kazi ya watu wawili. Hii moyo yako watu nalitengeneza. Moyo ya kutengenezwa naangaliwa kila mwaka, mpaka wewe nakuwa mzee. Nani naangalia yako?"

"Hakuna."

"Tangu mtoto?"

"Tangu mtoto."

"Banange," akasema, na hilo ndilo neno lao la mshangao na la huruma. Kisha akaniambia wazi, hakuficha, kwamba ipo mioyo iliyotengenezwa ambayo daktari huikataza kubeba mimba, kwa sababu inaweza kushindwa njiani, mama akafa na mtoto wake. Yangu yeye hawezi kujua ni ya namna gani. Mashine ya kujua iko Mbarara.

Mama, niliogopa. Hiyo ndiyo kweli. Ningeambiwa kabla, ningekuwa na la kuchagua, lakini mimi nilikuwa tayari nimebeba. Asende naye, anayejisifu kwamba tangu ashike cherehani mkono wake haujatetemeka, siku ile alishona mkono wa gauni la mtu mahali pa shingo. Na kanisani habari ikafika kabla yangu. Mama Shemasi, yule mzee wa wanawake wetu hapa, Mfizi wa huko kwetu kama sisi, alikuja nyumbani akakaa, akakataa hata maji.

"Riziki, mwanangu," akasema, "kama unarudia kule, ule ushuhuda ulikuwa wa nini? Utasema Mungu alisahau fasi moja, akaiacha haijapona?"

Ndipo nikakupigia wewe ili unisaidie kumjibu, na wewe ukanijibu kama yeye. Nikakaa nyumbani siku kadhaa. Barua ya rufaa ilikuwa ndani ya Biblia, na mimi nilikuwa siigusi Biblia kwa sababu ya hiyo barua, mambo ya ajabu. Kilichonitoa si Sista wala si Asende. Asubuhi moja nilikuwa nachambua maharage, mtoto akacheza kwa mara ya kwanza, kidogo tu, kama mtu anayebisha hodi kwa kucha. Nikawaza, huyu hajatoa ushuhuda wowote, wala hana nadhiri na mtu. Yeye anategemea tu kwamba nyumba aliyomo imeangaliwa. Nikamwita Asende aache kushona, tukafunga safari.

Mbarara tulifikia kwa Hajati Zubeda. Huyu ni Mnubi, Mwislamu, mfanyabiashara wa vitenge ambaye Asende hununua kwake mara kwa mara. Duka liko mjini na nyumba yake iko Biharwe, upande wa barabara kuu ya Masaka. Mama, huko maziwa yanakuja mezani hata usipoyaomba, na ukimaliza kikombe wanadhani hujaanza. Hajati aliposikia kisa changu chote akaanza na "Usipoziba ufa," nikamwambia, Hajati, hiyo tumeikuta duniani. Akacheka, akasema, "Basi kama unaijua, kesho uamke mapema." Na asubuhi yeye ndiye aliyekuwa amevaa wa kwanza, akamwachia Asende duka, akanipeleka hospitali mwenyewe, kwa sababu anaongea Kinyankore na Kiingereza, nami Kiingereza changu ni cha salamu.

Foleni ilikuwa ndefu kuliko ya unga wa mgao. Lakini zamu yangu ilifika, nikaingizwa kwenye chumba chenye pazia zito, nikapakwa kitu baridi kifuani kama uji uliolala, na daktari wa moyo, dada kijana mwenye nywele fupi, akaanza kutembeza kichwa cha mashine juu ya kovu langu. Kioo kikawaka.

Mama, nimeuona moyo wangu. Sijui nikuambieje. Nimeuona kwa macho haya, ukifunguka na kufungika, ukifunguka na kufungika, haupumziki, na haukujua kwamba natazama. Nililia machozi yakaingia masikioni kwa sababu nilikuwa nimelala chali. Nilitamani uwe pale. Wewe ulinibeba na huo moyo kupanda na kushuka milima, ukaulilia, ukauombea, na hujawahi kuuona. Daktari akaonyesha kwa kidole mstari mmoja mweupe, na Hajati akatafsiri: "Anasema kile ni kiraka. Anasema kimeshika vizuri, hakivuji hata tone. Anauliza nani alishona." Nikasema sikumbuki majina yao. Hajati akasema, "Usimwambie Asende kwamba kuna fundi anayemzidi."

Kisha daktari akashusha kidole. Akawa anarudi mahali pamoja, anapima, anarudi tena. Akasema kuna mlango kwenye ile njia iliyopanuliwa ya kwenda mapafu, haufungi sawasawa, damu kidogo inarudi nyuma, ndiyo sauti aliyoisikia Sista. Na chumba cha upande wa kulia wa moyo kimetanuka kidogo kwa kazi hiyo ya miaka yote. Nilishika mkono wa Hajati nikauliza, na mtoto? Daktari akanitoa hapo, wakanibandika nyaya za kupima mapigo, akasoma karatasi ile, akarudi kwenye kioo, akazungumza na Hajati kwa Kinyankore maneno mengi. Mimi namtazama Hajati mdomo. Naye alianza kufuta macho kwa ncha ya mtandio kabla hajaniambia chochote, nikajua nimekwisha.

"Anasema beba," akasema Hajati. "Anasema moyo una nguvu ya kutosha. Beba."

Basi hapo ndipo nilipopiga vigelegele ambavyo wewe hujapiga, ndani ya hospitali, mpaka mtu akaja kuchungulia kwenye pazia.

Lakini "beba" hiyo ina masharti, na nayaandika ili mjue sikuyapuuza. Sitazalia hapa Nakivale. Wiki za mwisho nitakwenda kukaa kwa Hajati Biharwe, niwe karibu na hospitali kubwa, na Hajati ameshachagua kitanda, ameshagombana na Asende juu ya nani atakayenunua neti. Miguu ikivimba kupita kawaida, au pumzi ikikata nikiwa nimelala, au moyo ukikimbia wenyewe bila sababu, au nikizimia, sisubiri kupambazuke. Na baada ya kuzaa, nitarudi kwa daktari huyu kila mwaka. Nikamuuliza, mpaka lini? Akajibu, "Mpaka uote mvi. Na ukishaota, endelea." Ule mlango huenda siku moja ukahitaji kubadilishwa. Si sasa, pengine ni miaka mingi mbele. Lakini siku yenyewe ataijua yule anayeuangalia kila mwaka, na aliyekaa nyumbani ataijua akishaanguka. Ndivyo alivyosema, na mimi nilimwamini, kwa sababu hakunitisha wala hakunibembeleza.

Akaniambia neno jingine lililonifurahisha sana. Kwamba yeye nitamwona mara moja kwa mwaka, lakini moyo hauishi mara moja kwa mwaka, unaishi kila siku, kwa hiyo mtu wangu wa kila siku ni yule yule Sista wa Nakivale. Nilipomfikishia Sista Komuhangi ujumbe huo alijifanya hakuusikia, akaanza kupanga pamba kwenye kopo ambalo tayari lilikuwa limepangwa.

Tangu hapo, Mama, nimepata mama mkwe wa pili. Kila mwezi ananipima mapigo, presha, uzito na kidole. Nikichelewa anampigia simu Asende, si mimi, kwa sababu anajua Asende anaogopa. Nilikuwa na jino bovu la nyuma, na hapa Misiera kuna mzee anayeng'oa kwa koleo, upesi kabisa. Sista alipolisikia akaniuliza kama nataka kumuua yeye mwenyewe kwa hofu. Akasema uchafu wa jino bovu hutembea kwenye damu ukatafuta pale palipotengenezwa ukakaa hapo, kwa hiyo jino langu litatolewa na daktari wa meno, ambaye ataambiwa habari za moyo kabla hajafungua mdomo wangu. Na homa ikinishika siku mbili, tatu, nisinunue vidonge vya malaria dukani nikajidanganya, niende wapime damu kwanza. Nami nilikuwa bingwa wa vidonge vya dukani. Sasa hata mwenye duka akiniona ananiambia, "Rudi kwa Sista yako."

Sasa nikueleze la kanisani, na hapa Elia usome kwa sauti, hata kama Mama amegeuka anatazama ukuta.

Jumapili tuliyorudi, mchungaji alifungua nafasi ya shuhuda. Nilikuwa nimevaa blauzi mpya aliyonishonea Asende, na shingo yake aliikata chini kidogo makusudi, kovu lionekane. Nikasimama. Nikasema Mungu aliniponya nikiwa mtoto, nimekwenda Mbarara kutazama, nimekuta kazi yake ingali imesimama, na mwaka ujao nitakwenda tena, na unaofuata. Hakuna aliyesema amina. Niliwasikia mbuzi wa nje. Mama Shemasi akasema kutoka kwenye benchi lake, bila kusimama, kwa upole lakini kila mtu akasikia:

"Mwanangu, nyumba alijenga Mungu. Wewe unaenda kutafuta ufa gani?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa mengi, si kwa hilo. Halafu, Mama, nikakuona wewe. Nikakuona umechuchumaa mbele ya nyumba yetu Mboko, mikono imezama kwenye udongo mpaka kwenye viwiko, Jumamosi ile ya kabla ya Jumapili yako ya shukrani, maana siku zote unataka wageni wa siku hiyo wakute kuta ni nzuri. Mimi nakuletea maji, nanung'unika. Nakuuliza, Mama, si tuliikandika kiangazi kile kingine, kwa nini tena? Ulijenga vibaya? Na wewe bila hata kugeuka unanijibu, "Nyumba yenye haikandikwe ni ile yenye batu balihama."

Nikawaambia maneno hayo kanisani, kama ulivyoyasema. Nikawaambia kwamba nyumba ile haikuwa mbovu, kwamba ilijengwa na Baba kwa miti mizuri, na ndiyo maana Mama aliikandika kila mwaka, kwa sababu ya kuipenda na kwa sababu tulikuwa ndani. Mbovu angeiachia mvua. Mama Shemasi aliangalia mikono yake, ambayo nayo imekandika nyumba nyingi, ya huko na ya hapa.

"Nani alisema ile maneno?" akauliza.

"Mama yangu."

"Ule wa nadhiri?"

"Yeye mwenyewe."

"Aah," akasema, "basi anajua." Na yeye ndiye aliyeanzisha wimbo. Siku ya pili alikuja nyumbani, akakubali maji na chai pia, akanipaka tumbo mafuta na kuniambia ni mtoto wa kike, ingawa Asende ameshaanza kushona suruali.

Kwa hiyo, Mama, ombi langu ni moja. Sikuombi uvunje nadhiri. Jogoo mpeleke, simama palepale unaposimama siku zote. Lakini usiseme tena hajarudia hospitali. Sema anarudia kila mwaka, na kila mwaka anakuta Mungu hakukosea. Ukisema hivyo huko, mimi huku nitaitika amina kwa sauti kuwashinda wote, kama zamani. Na ukishindwa kusema, nitaelewa, ila nitumie neno moja kwa mdomo wako, si kwa mdomo wa Elia.

Nisalimie Mama Mdogo, mwambie kitenge alichoniagiza, Hajati ameshakiweka pembeni. Nisalimie mchungaji wetu mzee aliyeniombea kabla ya ndege. Baba Mkubwa mwambie mkwe wake Asende ni mtu mzuri, anapika kuliko mimi. Ukipita kwenye kaburi la Baba, mwambie habari ya mjukuu. Na yule bibi jirani aliyekushauri usinipende sana, kama yungali hai, mpelekee salamu zangu kwa heshima zote, halafu mwambie nina mimba. Elia, wewe nakushukuru kwa kusoma. Jumamosi mchotee Mama maji ya udongo bila kunung'unika, mguu wake haumruhusu.

Mama, utakapokuwa umeinama pale ukutani na udongo mikononi, unikumbuke. Mimi nami nakandikwa kila kiangazi, mpaka nitakapoota mvi. Nyumba hii haijahamwa. Ina watu wawili.

Ni mimi binti yako unayempenda, hata ukinyamaza,
Riziki wa Asende